Fundi mpya, Judas Priest wale wale

Albamu ya Judas Priest ya mwaka 2014, Redeemer of Souls, ilikuwa na nyimbo nzuri zilizozikwa hai. Ukiicheza leo bado unasikia magitaa kama yanapigwa nyuma ya mlango uliofungwa, na sauti ya Rob Halford ikitafuta pa kutokea. Wengi walitoa hukumu papo hapo kwamba wazee wamechoka, wapumzike. Tunawakatalia. Kilichochoka pale ni mchanganyo wa sauti, na ushahidi ni albamu mbili zilizofuata: Firepower ya Machi 2018, na Invincible Shield ya Machi 2024, ambayo ni ya 19 katika kazi zao za studio.

Kwa asiyewajua, hii ni bendi ya metali, ule muziki mzito wa magitaa ya umeme, iliyoanza mwaka 1969 pande za Birmingham, Uingereza, mji wa viwanda vya chuma. Halford aliondoka 1992, akarudi 2003. Mwaka 2008 wakatoa Nostradamus, diski mbili zinazopita dakika 100, zimejaa vinanda na okestra kila pembe. Fahari ilikuwepo, meno hayakuwepo. Kisha 2011 K.K. Downing, mmoja wa wapiga gitaa wawili waliojenga jina la bendi, akaondoka. Richie Faulkner, aliyezaliwa 1980 bendi ikiwa tayari maarufu, akakaa mahala pake.

Sasa tuingie ndani ya sauti yenyewe, maana hapo ndipo kesi ilipo. Gitaa la metali hupata ule mkwaruzo wake kwa kuisukuma amplifaya kupita uwezo wake. Kosa la kila siku, kwa bendi changa na kongwe, ni kudhani kwamba mkwaruzo ukizidi na uzito unazidi. Mkwaruzo ukizidi, kinachopotea ni mwanzo wa noti, ule mgongano mdogo wa kipande cha plastiki kinapogusa waya. Mgongano huo ukiyeyuka, noti kumi na sita zilizopigwa kwa ufundi zinageuka mngurumo mmoja, na mpigaji hodari hatofautiki na mwanagenzi. Dawa yake inajulikana: punguza mkwaruzo mpaka kila noti isimame peke yake, rekodi mstari ule ule mara mbili kwa mkono, mmoja uende kushoto na mwengine kulia, kisha kata kwenye gitaa sauti zote zilizo chini ya hezi 80 au 100 (hezi ni hesabu ya mitetemo ya sauti kwa sekunde; ikiwa ndogo, sauti ni nene). Huko chini ni kwa besi na ngoma ya mguu. Gitaa likishuka huko linawakanyaga wenzake na lenyewe halifaidiki kitu.

Kosa la pili ni kuibana sauti ili albamu nzima isikike kwa kishindo kile kile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Metallica waliteleza hapo 2008 kwa Death Magnetic, albamu iliyobanwa mpaka ngoma zikawa zinapasuka ndani ya spika, na mashabiki wakaona heri toleo la mchezo wa video wa Guitar Hero lililokuwa halijabanwa vile. Siku hizi kubana hivyo ni hasara tupu. Mitandao ya muziki kama Spotify huzipandisha na kuzishusha nyimbo ili zilingane, kwa hiyo aliyebana sana anaporomoshwa zaidi, abaki na sauti bapa isiyo na kishindo wala nguvu.

Firepower ilisimamiwa na watu wawili, na hapo ndipo tunaposema uamuzi ulikuwa wa watu wazima. Mmoja ni Tom Allom, aliyewatengenezea British Steel mwaka 1980. Albamu ile ilirekodiwa katika nyumba ya Tittenhurst Park iliyowahi kuwa ya John Lennon. Walipotaka mlio wa vyuma vinavyogongana, hawakuwa na mashine ya kuhifadhi milio. Walichukua trei ya visu na uma za jikoni wakaitikisa mbele ya maikrofoni. Walipotaka kioo kinachovunjika, wakavunja chupa za maziwa. Huyo ndiye mzee aliyeitwa tena baada ya miaka 30, na jambo kubwa alilolisimamia ni kuwaweka wote chumba kimoja wapige pamoja. Wa pili ni Andy Sneap, mpiga gitaa na fundi wa kizazi cha baadaye, mwenye mkono safi sana kwenye mambo hayo ya hezi na mkwaruzo tuliyoyaeleza. Firepower iliingia nafasi ya 5 Marekani, ambayo hawakuwahi kuifika kabla.

Furaha ile ilikuja na simanzi. Mwezi mmoja kabla albamu kutoka, Glenn Tipton, mwenzake Downing kwenye gitaa, alitangaza kwamba ana maradhi ya Parkinson, na kwamba hawezi tena kuzunguka na bendi kama zamani. Sneap mwenyewe akabeba gitaa akapanda jukwaani badala yake. Halafu tarehe 26 Septemba 2021, huko Louisville, Marekani, mshipa mkuu wa moyo wa Faulkner ukapasuka akiwa jukwaani; akaumaliza wimbo, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa kwa saa kama kumi. Anayeisikiliza Invincible Shield bila kuyajua haya ataipenda. Anayeyajua ataisikiliza kwa adabu nyengine.

Na ni albamu nzuri kwelikweli. Nyimbo 11, hakuna utangulizi mrefu wa vinanda, hakuna kujikweza. Panic Attack inafungua kwa mlio wa gitaa uliofanana na sintesaiza, kinanda cha umeme, salamu ya wazi kwa albamu yao ya Turbo ya 1986, halafu mpiga ngoma Scott Travis anaingia na miguu yote miwili. Sneap ndiye aliyeisimamia, na hapa fundi anayepanda jukwaani usiku baada ya usiku na watu wale wale anajulikana: amejua kila mmoja pumzi yake inafika wapi. Halford alikuwa na miaka 72. Hakulazimishwa kukaa juu wimbo mzima kama alivyofanya kwenye Painkiller mwaka 1990. Beti nyingi anaziimba kwa sauti ya kifuani, ya katikati, ambayo kwa umri huu imepata kutu nzuri, na ule ukelele wa juu unawekwa pale unapohitajika. Mpenzi wa taarab analifahamu hili bila kuelezwa, maana amewasikia waimbaji wakongwe wakishushiwa ufunguo na wapigaji wao ili maneno yatoke na uzito wake.

Sikio la Unguja lina faida nyengine. Metali hupenda mno ngazi ambayo noti ya kwanza na ya pili zimekaribiana, kisha panatokea mruko mpana. Huo ni mwendo wa hijazi wa muziki wa Kiarabu, na aliyelelewa na ala za kanuni na udi hautomtisha. Tofauti iko kwenye kuungana. Fidla za taarab hufuata mstari mmoja, kila mmoja na mapambo yake. Magitaa mawili ya Judas Priest hupanda pamoja yakiwa yametengana, la pili likikaa noti ya tatu juu ya la kwanza, kama watu wawili wanaopanda ngazi mmoja akitangulia vipandio viwili.

Vipi uisikilize? Si kwa spika ya simu. Noti ya chini kabisa ya besi ya kawaida ni hezi 41, na spika ya simu haifiki huko hata kwa dawa. Hedifoni za waya za bei ya wastani zinatosha, ila zima kile kitufe cha kuongeza besi, kwa sababu ngoma za miguu miwili zikienda kasi kitufe hicho kinazigandisha. Ukiwa na spika za kweli na unakaa Mji Mkongwe, chumba chenyewe ni mtihani. Vyumba vya kale ni vyembamba, aghlabu kama mita 3, kwa kuwa upana wake umefuata urefu wa boriti za mikandaa. Kuta mbili ngumu zilizotengana mita 3 huvimbisha sauti ya hezi 58 hivi, jirani kabisa na ngoma ya mguu. Ukiweka spika kwenye kona za chumba, wimbo wote unakuwa dum-dum. Ziweke kwenye ukuta mfupi zikitazama urefu wa chumba, kila moja iwe umbali sawa na ukuta wa upande wake, na wewe kaa katikati ya upana, usiegemee ukuta wa nyuma. Piga kofi moja: ukisikia mlio unaotetemeka kama sarafu, simamisha godoro ukutani. Khanga haitoshi, ni nyepesi.

Lawama tunazo pia. Ngoma za Invincible Shield zina mlio mmoja mno kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hata palipotakiwa hewa kidogo, na tungependa Allom awepo tena na chumba chake kimoja. Tunalisema hili tukivifikiria na vikundi vyetu vikongwe vya taarab, Ikhwani Safaa ya tangu 1905 na Culture Musical Club: atakayewarekodi tena, awaweke pamoja, kanuni ikisikia fidla na fidla ikimsikia mwimbaji, asiwapokee mmoja mmoja juu ya mdundo wa kompyuta.

Lawama ya pili ni besi. Ian Hill amepiga katika albamu zao zote 19, na bado unamtafuta kwa tochi. Kaa katikati kama tulivyosema, punguza sauti kuliko ulivyozowea, uchague pahala ambapo gitaa moja limetoka mbele kupiga peke yake. Chini yake kuna mstari mnyoofu, usiotetereka, unaoshikilia kila kitu. Ndiye huyo.