Taa moja, ngozi sita

Shangazi yangu alipotoka kupigwa taa ya uso, mashavu yalikuwa na mistatili. Hayakuwa madoa. Ilikuwa mistatili midogo yenye kona nne, imepangana kama vigae, kila mmoja sawasawa na kile kioo cha mashine kinachobandikwa ngozini. Alikwenda kuondoa mabaka ya jua. Wiki moja baadaye magamba yakabanduka, akabaki na weusi zaidi kuliko ule aliolipia uondoke. Kliniki siitaji, na binti aliyeshika mashine sidhani alikuwa na nia mbaya. Aliiwasha tu kama alivyofundishwa.

Tangu siku hiyo ukoo mzima unasema taa hizi ni utapeli. Mimi siwaungi mkono, ingawa mistatili ile niliiona kwa macho yangu.

Mashine ya taa hizo, iitwayo IPL, hurusha mwako mfupi wa mwanga wenye mawimbi mengi kwa pamoja, ya urefu wa takriban nanomita 500 hadi 1,200. Melanini, yaani rangi ya ngozi, huunywa mwanga huo, ukageuka joto, na joto likaliunguza doa. Wazo la kulenga kitu kimoja ndani ya ngozi na kuwaacha majirani zake salama lilielezwa mwaka 1983 na Rox Anderson na John Parrish wa Marekani. Ngozi ikiwa nyeupe na doa la kahawia, mwanga unajua pa kwenda. Kwa shangazi, melanini imeenea uso mzima, na mashine haikuona pa kuacha.

Kuna kipimo kinachotumika kutofautisha ngozi. Thomas Fitzpatrick wa Harvard alipanga ngozi mwaka 1975 kwa jinsi zinavyoungua juani, akaanza na za watu weupe. Daraja la tano na la sita, zetu sisi, yaliongezwa baadaye. Mombasa madaraja yote sita hupanda feri moja. Mzungu mstaafu wa Mtwapa, Mhindi mwenye duka mjini, Mbajuni, Mgiriama: wote wanaweza kukalia kiti kile kile siku moja. Mashine ikiachwa kwenye kipimo cha mteja wa asubuhi, wa alasiri anaungua.

Sasa upande wa pili. Namjua mzee wa Mji wa Kale, asili yake Hadhramaut kule Yemen, mweupe, aliyeendesha lori miaka mingi kati ya bandarini na Malaba. Shavu la kulia, la upande wa dirisha, limekunjamana na kujaa madoa. La kushoto ungesema ni la mdogo wake. Kioo cha dirisha huzuia sehemu kubwa ya miali ya jua inayobabua, lakini ile iitwayo UVA hupenya na kuvunja kolajeni, ile protini inayoshikilia ngozi, chini kwa chini. Alikwenda vikao vinne. Madoa yalipiga weusi kama unga wa buni, yakapukutika, shavu likatakata. Mikunjo mikubwa ilibaki pale pale, kwa sababu taa hii hufuta rangi vizuri kuliko inavyonyoosha ngozi. Anayeuziwa ujana wote kwa vikao vinne anadanganywa.

Kwa ngozi nyeusi ipo leza ya nanomita 1,064. Melanini huyanywa kidogo mawimbi hayo marefu, kwa hiyo hupita tabaka la juu la ngozi bila kuliunguza sana. Ni afadhali, lakini mkono usiojua utaunguza hata nayo. Na melazma, yale mabaka ya mashavuni yanayowaandama wanawake hasa wakati wa ujauzito, huweza kuchachamaa kwa joto lenyewe. Hapo mimi ningeanza na dawa ya kupaka ya daktari wa ngozi (mkorogo wa sokoni, hapana). Doa linalokua au kubadilika sura lichunguzwe kwanza, lisije likafutwa juu huku ugonjwa umebaki chini.

Kinachonitia shaka zaidi ni jua. Mteja huambiwa ajiepushe nalo wiki kadhaa, kabla na baada. Tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana haina kivuli cha kutosha watu wote. Asiyepaka losheni ya kuzuia jua kila asubuhi analipia doa litakalorudi. Na kwa sisi weusi losheni yenyewe iwe ya rangi, yenye oksidi ya chuma, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana hutuongezea mabaka. Ile nyeupe humfanya mtu aonekane ametoka kusaga mahindi, ndiyo maana chupa hukaa kabatini hadi inaharibika.

Mistatili ya shangazi ilichukua karibu mwaka kufifia. Juzi ameniuliza kuhusu hiyo leza ya mawimbi marefu. Nikamwambia, shangazi, popote utakapokwenda wajaribu kwanza nyuma ya sikio, usubiri wiki kadhaa uone.

"Nyuma ya sikio?" akasema. "Si huko mtandio unafunika? Hapo waunguze wapendavyo."