Posa Isivunjike kwa Namba 1.4

Siku hizi barua ya posa haijajibiwa, familia zishaanza kuulizana habari za vipimo. Silipingi hilo. Ukimwi, kaswende, homa ya ini, sikoseli: pimeni, na mpime mapema. Ninachokipinga ni kipimo cha damu cha hepesi, maradhi ya kirusi yanayotoa vidonda mdomoni au sehemu za siri, kutiwa katika furushi hilo hilo, kisha karatasi iliyoandikwa "chanya" ikatembezwa kutoka Mpendae mpaka Chake Chake kama hukumu ya kadhi.

Kipimo hicho hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi, na mashine hutoa namba. Katika vipimo vingi vinavyotumika, chini ya 0.9 ni hasi, kuanzia 1.1 huandikwa chanya, na baina ya hapo majibu hayaeleweki. Tatizo liko juu kidogo ya mstari huo. Kwa hepesi aina ya pili, ile inayohusishwa zaidi na sehemu za siri, namba iliyo chini ya 3.0 mara nyingi huwa ya uongo. Mwongozo wa 2021 wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti maradhi, unataka mtu wa namba hiyo apimwe tena kwa kipimo cha njia nyengine. Na sisi wa upande huu wa dunia tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu: tafiti za Uganda na Kenya zimeonesha kuwa baadhi ya vipimo hivi hukosea zaidi kwa watu wa huku.

Sasa mtu mwenye 1.4, hana kidonda, hajawahi kukiona, anaambiwa na shangazi wa mchumba kwamba "ameshaharibika". Kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo ukipewa karatasi, uliza namba. Uliza pia ni aina ya kwanza au ya pili, maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana aina ya kwanza, na wengi waliipata udogoni kwa mate tu, pengine kwa busu la bibi. Vipimo vya haraka vya mistari havina namba kabisa. Na ukiona IgM, aina ya kingamwili inayodhaniwa kuonesha maambukizi mapya, usihangaike nayo: haitenganishi aina vizuri, na huweza kutokea hata kwa maambukizi ya zamani, kwa hiyo haithibitishi kwamba mtu "ameitoa nje juzi". Nyumba ngapi zimeingia fitina kwa herufi tatu hizo!

Kipimo cha uthibitisho kinachosifiwa zaidi, Western blot, hufanywa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle. Kwa mtu wa Wete hiyo ni ndoto. Linalowezekana ni kuomba kipimo cha njia tofauti. Kama shaka ni ya tukio la karibuni, rudia baada ya wiki 12, kwa sababu kingamwili huchelewa kujitokeza na hata jibu hasi la mapema halina uzito. Kidonda kikitoka, usikipake dawa za mitishamba ukasubiri kikauke. Nenda siku hiyo hiyo kichukuliwe majimaji yakapimwe PCR. Hicho ndicho kinachomtafuta kirusi mwenyewe.

Hata Marekani, jopo la wataalamu wa kuzuia maradhi (USPSTF) lilishauri 2016, na tena 2023, kwamba asiye na dalili asipimwe hepesi kwa damu. Sioni kwa nini sisi tuwe wakali kuliko wao.

Na ikithibitika kweli? Dawa ya asaikloviri ipo. Valasaikloviri ikimezwa kila siku ilionekana kupunguza karibu nusu ya maambukizi kwa mwenza. Mjamzito amwambie mkunga, kwa ajili ya mtoto wakati wa kujifungua. Mchumba naye aambiwe, kabla ya nikahi, na mwenye mwili wake mwenyewe. Shangazi hana haja ya nakala.