Nimekoholewa Kwa Kutii Sheria

Hivi jamani, leo asubuhi pale stesheni yetu ya huku mkoa wa Saitama, Japani, nimekoholewa. Ndiyo, nimekoholewa, maana huku hakuna anayekutukana, wanakukoholea tu.

Si mnaijua ile sheria ya mkoa iliyoanza Oktoba 2021, kwamba kwenye ngazi za umeme unasimama, hutembei? Mabango yapo, spika inasema kutwa kucha simameni pande zote mbili. Faini hakuna, ndo ugonjwa wenyewe ulipo, kwa hiyo watu wote bado wanajibana kushoto, kulia wanawaachia wenye haraka zao. Sasa mimi, tai shingoni mkoba begani, raia mwema kabisa, nikajisimamia kulia. Nikasema leo naiwakilisha nchi.

Mara nyuma, khm. Nikauchuna. Khm khm. Kugeuka, mzee wa suti, nyuma yake mama wa miwani, nyuma yake mwanafunzi na gitaa lake, nyuma yake mji mzima, na wale wa kushoto wameinamia simu wasije wakaitwa mashahidi. Mzee akainama, "Sumimasen," yaani samahani. Na mimi nikainama, "Sumimasen." Akainama zaidi, nami nikazidisha, mkoba ukateleza ukamgonga utosini, tukaanza kuombana radhi upya, yeye anaomba radhi kwa kugongwa, mimi namwonyesha bango, analitazama, anatikisa kichwa ndiyo ndiyo kweli kabisa, halafu yuko palepale anasubiri nipishe! Unabishanaje na mtu anayekukubalia? Na yule dada wa kwenye spika kakazana, simameni pande zote mbili tafadhali. Dada wee, mkoa mzima tuko wawili tu!

Kufika juu, treni ya haraka hiyooo imepita, kwetu haisimamagi, inatupulizia vumbi tu. Ya kwetu imechelewa dakika tatu, tumeombwa radhi njia nzima. Kiti cha pembeni yangu kikabaki wazi, watu wanabanana mlangoni, sijui nanuka nini.

Na ndo nchi ambayo 2017 kampuni ya Tsukuba Express iliomba radhi hadharani eti treni imeondoka sekunde 20 kabla ya muda. Sekunde 20! Mimi kisogo changu kimekoholewa ghorofa nzima, nani kaniomba radhi?

Halafu hii supu ya mahindi ya kopo kwenye mashine pale jukwaani, hivi nani aliibuni? Unakunywa vizuri, punje zinagoma chini, unalipindua, unaligonga, unachungulia kwa jicho moja mtu mzima mbele za watu na hela yako imo humo. Si waweke tu mahindi ya kuchoma nje pale, jiko la mkaa, ndimu, pilipili. Ila gunzi nalo utalitupa wapi, mapipa mengi ya stesheni walianza kuyaondoa baada ya lile shambulio la gesi kwenye treni za Tokyo 1995, taka yako unarudi nayo nyumbani mfukoni, juzi mke wangu anafua suruali ya ofisini kakuta ganda la ndizi, sasa hivi haongei na mimi.