"Ni uzee tu"

Punda akikonda Lamu, jibu liko tayari kama salamu: "Ni uzee tu." Mwenyewe anasema, jirani anaitikia, na mnyama anaendelea kupakiwa shogi za mchanga. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Tukapiga makofi, tukarudi nyumbani, na punda wazee wakaendelea kufa njaa nyasi zikiwa mbele yao.

Mfungue kinywa! Magego ya punda husukumwa kutoka kwenye fizi kwa miaka mingi, na kutafuna ndiko kunakoyasaga. Taya la juu ni pana kuliko la chini, basi hayasagiki sawasawa: ya juu huacha ncha upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi, na ncha hizo hukata kama chupa. Likitoka gego moja, lililokuwa likikutana nalo halina tena wa kulisaga, hurefuka mpaka likachimba fizi. Nyasi hujibana kwenye mapengo, zikaoza humo.

Haya yote yana alama. Tazama chini anapokula: mafundo ya nyasi yaliyoloa mate, yametafunwa nusu yakatemwa. Nusa kinywa. Pasua kinyesi uone kama nyuzi ni ndefu, nzima. Lakini usipenyeze mkono kati ya magego, na koleo la fundi libaki karakanani. Jino likipasuka, mzizi huoza na usaha ukashukia puani. Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, kwa dawa ya kumtuliza na tupa maalumu, mara moja kwa mwaka, na kila miezi 6 akipita miaka 20.

Aliyebaki na magego machache, nyasi ndefu kwake ni pambo. Zikate fupifupi, uziloweke. Pumba nazo zilowekwe mpaka ziwe uji, maana kavu humkwama kooni. Wa kilo 150 anahitaji kama kilo 2 hadi 2.5 za lishe kavu kwa siku, zigawanywe mara 4 au 5. Usimjazie mahindi kwa huruma. Kwato zitapata joto na kuvimba kwa ndani, halafu tuambiwe miguu nayo ni uzee.

Kuna jambo halingoji kesho. Punda asiyekula siku moja au mbili, mwili huyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu mpaka ini likashindwa. Hapigi kelele, hagaagai kama farasi. Anasimama tu, kichwa chini. Mnasema ni mpole. Joto lake ni nyuzi 37 hivi, kwa hiyo 38.3, ambayo kwa farasi si kitu, kwake ni homa.

Najua, mwenye punda mmoja akimpumzisha leo, hapati riziki ya leo. Sawa. Ila kituo cha punda kiko Lamu tangu 1987 na matibabu ni bure, basi hoja ya "daktari ni ghali" tuiache.

Kwato zichongwe kila wiki 6 hadi 10.

Na chukua kamba, mzungushie kifua nyuma ya miguu ya mbele, utie fundo la alama pale inapokutana, kisha uivue. Mpime tena kwa kamba hiyo hiyo kila baada ya wiki 2. Kamba ikianza kulegea, anakonda: mwite daktari kabla hujatamka lile neno.