Mdomo wa bampa ukilegea, weka gundi kando kwanza

Kila mtu anapolalamika kwamba mdomo wa bampa aliofungiwa, yaani kile kipande kirefu cha urembo chini ya bampa ya mbele, umeanza kuning'inia, anapewa ushauri uleule: ongeza gundi. Isiposhika, ongeza tena. Mmoja atapiga silikoni nyeusi mpaka ifurike pembeni, mwingine atafunga kwa tai za plastiki za nyaya, na wiki chache baadaye mdomo umerudi kulekule ulikokuwa. Mimi ushauri huo nimeukataa. Mdomo mwingi haulegei kwa sababu gundi ni dhaifu. Unalegea kwa sababu hapo katikati hakuna kitu kigumu kinachoubeba.

Tuchukue gari ambalo Nairobi huwezi kulikosa, Subaru Impreza WRX ya kizazi cha tatu, ile ya milango mitano. Limekuja kutoka Japani na bampa yake ya kiwandani. Mwenyewe ananunua mdomo wa ziada pale Kirinyaga Road au anauagiza mtandaoni, fundi anaufunga kwa skrubu mbili kila upande karibu na matairi, moja katikati, na utepe wa gundi wa pande mbili kwa juu. Siku hiyo gari linapendeza kweli, na likishapendeza hakuna anayeinama kuangalia limefungwaje.

Ingia chini yake na tochi baada ya miezi michache. Skrubu za pembeni bado zimeshika. Ile ya katikati tundu lake lilikuwa duara, sasa limevutika likawa kama yai, na plastiki inayolizunguka imegeuka nyeupe kwa kunyooshwa. Ukiigusa skrubu kwa kidole inazunguka tu. Utepe nao umeachana na bampa, na upande wake wa gundi umejaa vumbi jekundu. Bampa ya gari ni plastiki ya unene wa milimita tatu hivi. Skrubu ya kujichimbia haina nyama ya kuuma humo, inashika kwa mizingo miwili au mitatu basi.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi wengi wanalijua kwa mikono lakini hawalisemi. Kitu kirefu kilichoshikwa miisho yake huinama kwa uzito wake, na kuinama huko hakuongezeki sambamba na urefu. Umbali kati ya vishikizo viwili ukiongezeka mara mbili, kuinama kunaongezeka mara 16. Ligeuze sasa hesabu hilo: ukiweka kishikizo kimoja imara katikati, uinamaji unashuka mpaka sehemu moja ya 16. Hakuna kopo la gundi linaloweza kukupa faida hiyo. Ndiyo maana nikiulizwa, siulizi ni gundi gani ilitumika. Nauliza kutoka bolti hadi bolti ni sentimita ngapi. Nikisikia 40 au 50, jibu ninalo tayari. Mimi napenda 15, 20 ikizidi.

Watu hupenda kuulaumu upepo. Upepo upo, lakini tuupime. Mdomo wa mita 1.7 uliochomoza sentimita tano, gari likienda kilomita 100 kwa saa, unasukumwa chini kwa nguvu ya kama kilo tatu au nne. Kwa 140 nguvu hiyo inakaribia kuwa mara mbili, kwa sababu inapanda kwa mraba wa mwendo. Kilo hizo zikigawanywa kwenye bolti kumi si kitu. Zikiangukia skrubu moja iliyolegea, ambayo pia inatikiswa na kila tuta la mtaani, ndipo tundu linapoanza kuchanika.

Jua nalo lina sehemu yake. Plastiki ya urefu huo ikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka milimita sita, saba hivi. Mdomo mweusi chini ya bampa nyeupe, gari limeegeshwa juani mchana kutwa, hauwezi kuwa na joto moja na bampa. Ukibanwa kwenye kila tundu bila nafasi hata kidogo, hautakuwa na pa kwenda ila kupinda, na utapinda mahali usipobebwa. Wa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini, hurefuka kidogo sana, kwa hiyo hapo bampa ndiyo inayocheza na mdomo umekaa, na rangi inapasuka kwenye matundu.

Kabla ya kugusa chochote, jua mdomo wako ni wa nini. Mara nyingi nyuma kuna herufi zilizochapwa: PP, yaani polipropilini, ABS, aina nyingine ya plastiki, au PUR, yaani poliyurethani. Kama hakuna, kwangua kipande kidogo upande usioonekana, kitumbukize kwenye glasi ya maji. Kikielea, karibu hakika ni polipropilini, plastiki ile ile ya bampa nyingi, na gundi nyingi haziipendi kabisa bila kupakwa kwanza praima yake, dawa ya kuiandaa ishike gundi. ABS na poliyurethani huzama. Faiba utaitambua kwa nyuzi zake zinazowasha ngozi. Jaribio hilo halina gharama yoyote, na lingewaokoa wengi waliomwaga gundi ya bei mbaya juu ya plastiki isiyoshikika.

Kazi yenyewe huanza kwa kuutoa mdomo wote, si kuusukuma juu ukiwa garini. Ulaze juu ya ubao ulionyooka uone umepinda kiasi gani. Ule wa plastiki utaunyoosha kwa hita au kwa maji yaliyochemka, polepole, kisha uukandamize kwenye ubao mpaka upoe kabisa. Ukiuachia ungali vuguvugu utarudi ulivyokuwa. Faiba usiichome moto. Hiyo huongezewa tabaka la kitambaa na rezini kwa nyuma, na kama imekatika katikati heri ununue mwingine.

Wakati mdomo umetoka, shika bampa yenyewe uitikise. Klipu za pembeni, pale inapokutana na madgadi, zikiwa zimevunjika, bampa yote inashuka na mdomo unasingiziwa bure. Nimeona gari limebadilishiwa mdomo mara ya pili huku tatizo ni klipu ya bei ya soda.

Kurudisha, achana na skrubu za kujichimbia. Tumia bolti za M6, zile za unene wa milimita sita, na nati zenye plastiki ndani, zile zisizolegea kwa mtikisiko, pamoja na washa pana pande zote mbili ili mzigo usambae kwenye plastiki badala ya kuangukia tundu. Tundu la katikati libane sawasawa. Yanayofuata kuelekea pembeni yachonge yawe marefu kidogo ili mdomo uweze kuteleza ukipata joto. Halafu ndiyo siri yote: bamba la alumini lililokunjwa pembe, upande mmoja umefungwa kwenye mdomo pale katikati, upande wa pili kwenye chuma kilicho chini ya rejeta. Weka kipande cha mpira katikati ya chuma na bamba, ili siku ukigonga ukingo wa maegesho bamba lipinde lenyewe bila kuvuta kitu kingine.

Na zile fimbo mbili zinazong'aa, zinazosimama kati ya mdomo na grili? Zikiwa zimefungwa kwenye plastiki ya bampa ni mapambo. Bampa ndiyo inayobeba mdomo, sasa fimbo inauning'iniza mdomo kwenye bampa ile ile. Zikifika kwenye chuma nyuma ya bampa zinafanya kazi, na hapo sina neno nazo.

Utepe siukatai. Nautaka uwe msaidizi wa kuziba mwanya na kuzuia mtetemo. Ule wa VHB, utepe wa nguvu wa kampuni ya 3M, unahitaji kama saa 72 kufikia nguvu yake yote, kwa hiyo gari halitoki gereji jioni hiyo hiyo kwenda kuoshwa. Futa kwanza kwa spiriti, hasa kama mwenye gari anapenda mafuta ya kung'arisha plastiki, maana silikoni iliyomo ndani yake haiachi kitu kushika. Asubuhi za Julai hapa Nairobi utepe unakuwa mgumu kwa baridi. Subiri mchana, au upashe joto bampa kidogo kabla ya kubandika.

Najua kuna atakayesema gari halihitaji mdomo hata kidogo. Impreza aliyoendesha dereva wa rali Colin McRae akashinda Safari Rally ya 1997, na ile ambayo Richard Burns alishinda nayo mwaka 2000, zilikuwa zimenyanyuliwa juu kwa ajili ya njia zetu, si kushushwa. Kweli kabisa. Lakini zile zilikuwa za mashindano, hili la mtaani ni la mwenyewe na anataka lipendeze. Sioni dhambi hapo. Ninachomwomba ni alipe fundi kwa saa mbili za ziada za kutengeneza bamba, badala ya kulipa mara tano kwa silikoni.

Ukimaliza, vuta uzi kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine, pima katikati kwa rula, andika kipimo. Endesha wiki moja, upite barabara ya mwendo na upite matuta, egesha juani, kisha pima tena. Milimita moja au mbili ni mdomo kukaa sawa. Ikizidi hapo, kaza nati za katikati kwanza, na kama zimekaza, bamba lako ni jembamba mno. Tengeneza lingine la unene wa milimita tatu.