Raga na wanafunzi wake wa ng'ambo

Mwaka 1955 Ali Akbar Khan alipiga sarodi, ala ya nyuzi ya India, jijini New York kwa mwaliko wa mpiga fidla Yehudi Menuhin, na mwaka 1967 akafungua chuo chake huko California. Tangu wakati huo muziki wa kale wa India ya kaskazini umepata wanafunzi wengi ambao hawakulelewa nao, na baadhi yao wameufanya kazi ya maisha. Ken Zuckerman, Mmarekani, amefundisha sarodi kwa miaka mingi mjini Basel. Saskia Rao-de Haas wa Uholanzi aliifanyia chelo yake, ile fidla kubwa, marekebisho ili iweze kupiga raga, yaani mpangilio wa sauti wenye mwendo wake maalumu ambao mwanamuziki huufuata. Amelia Cuni, mzaliwa wa Italia, amejikita katika dhrupadi, mtindo mkongwe kuliko yote unaoimbwa hadi leo. Swali linalowafuata watu hawa, mara nyingi kwa sauti ya chini, ni kama wanaupiga muziki wenyewe au wanauiga tu.

Wenye shaka hawakosi hoja. Raga haikai kwenye karatasi. Chukua raga mbili, Darbari na Jaunpuri: ukizipiga kwenye piano utabonyeza vibao vilevile, lakini msikilizaji aliyezoea hawezi kuzichanganya. Katika Darbari sauti ya tatu, yaani gandhari, haisimami mahali pamoja. Hushushwa chini ya kiwango chake cha kawaida na kuyumbishwa polepole, kwa uzito, na mwimbaji anayeiharakisha au kuinyoosha amekwisha kutoka nje ya raga hiyo, hata kama hakukosea sauti nyingine yoyote. Mwendo huo hauelezeki vizuri kwa maneno: mwalimu huuimba, mwanafunzi huurudia, na kazi hiyo huendelea kwa miaka. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa gharana, zile koo za kimuziki kama Gwalior, Agra na Kirana, na ya ile desturi ya guru kumfunga mwanafunzi uzi mkononi anapompokea rasmi. Anayekuja Pune au Kolkata kwa likizo ya miezi mitatu huondoka na nyimbo kadhaa, si na sikio.

Hata hivyo hoja hiyo inampata mpita njia, haimpati mgeni kwa kuwa ni mgeni. Kijana wa Mumbai aliyekulia nyimbo za filamu naye hana gandhari ya Darbari sikioni mpaka afundishwe. Anachomzidi Mholanzi ni mazoea ya jumla na lugha, na katika uimbaji lugha si jambo dogo, kwa sababu mashairi mengi ya khayali, mtindo mwingine wa uimbaji wa muziki huo, yako katika Kibraj, lugha ya India ya kaskazini, na matamshi mabaya husikika mara moja. Kwa mpiga ala pengo hilo ni jembamba zaidi, na sidhani ni bahati tu kwamba wageni wengi waliofika mbali wameshika sarodi, sitari, tabla au filimbi ya mwanzi.

Madai ya usafi wa asili ndiyo dhaifu kuliko yote. Sarodi yenyewe inatokana na rababu ya Waafghani. Harmoniamu, kinanda cha mvukuto kilichotoka Ulaya, ilipigwa marufuku na redio ya taifa ya India mwaka 1940 kwa sababu sauti zake zimegandishwa na haziwezi kuteleza, na marufuku hiyo ilidumu takriban miaka thelathini. Leo waimbaji wengi wa khayali hupanda jukwaani nayo ubavuni. Miongoni mwa waliokipinga vikali kinanda hicho alikuwa John Foulds, mtunzi Mwingereza aliyeajiriwa na redio hiyo. Mlinzi wa mapokeo, basi, alikuwa mgeni.

Palipo na lawama ya kweli, kwa maoni yangu, ni kwenye fedha na majina. Anayelipa kwa dola hupata saa za mwalimu ambazo mtoto wa fukara hazipati, na ngozi ya kigeni ndani ya vazi la Kihindi huweza kumjazia ukumbi mtu ambaye ujuzi wake bado mchanga. Hapo wenye shaka wana haki kabisa ya kukasirika, ingawa anayepaswa kuulizwa kwanza ni mwandaaji wa tamasha.

Kuna pia njia nyingine ya kuupokea muziki wa India, nayo pwani yetu inaijua. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi akayavika mashairi ya Kiswahili, ikawa taarabu. Hakudai kuwa mrithi wa gharana yoyote, na hakuna aliyempima kwa gandhari yake. Anayetaka kukopa ana uhuru huo wote. Lakini anayepanda jukwaani akatangaza kwamba atapiga Darbari ameomba kipimo kingine, na kipimo hicho hakipaswi kulegezwa kwa kuwa ametoka mbali, wala kukazwa kwa sababu hiyohiyo.