Kumzeesha Juan Salvo si kumsaliti Oesterheld

Tangu El Eternauta, tamthilia ya Argentina iliyotokana na katuni ya jina hilohilo, itoke Netflix mwishoni mwa Aprili 2025, wapenzi wa katuni wana kesi moja isiyoisha. Mwongozaji Bruno Stagnaro amechukua hadithi iliyochapishwa kati ya 1957 na 1959, akaihamishia Buenos Aires ya leo, akamfanya mhusika mkuu, Juan Salvo, mzee wa miaka sitini hivi, akamtenganisha na mkewe, kisha akampa historia ya vita ambayo haimo katika kurasa za mwandishi Héctor Germán Oesterheld na mchoraji Francisco Solano López. Wenye kesi wanauita usaliti. Wanaoitetea tamthilia hujibu kwamba katuni ni katuni na televisheni ni televisheni, basi yaishe. Jibu hilo ni la kivivu, na limewanyima nafasi ya kutetea jambo lenye utetezi mzuri kuliko wanavyodhani.

Tuanze na wakati. Marafiki wanacheza karata usiku, umeme unakatika, theluji inayong'aa inaanza kushuka, na kila inayemgusa anakufa papo hapo. Salvo anavalishwa vazi la kuungaunga na barakoa ya kuzamia, anatoka nje kutafuta mahitaji. Kilichowashika wasomaji wa gazeti la kila wiki lililoichapisha hakikuwa theluji peke yake. Mitaa ilikuwa yao. Mapigano yanapiganwa kwenye barabara ya General Paz, jeshi linapiga kambi ndani ya uwanja wa River Plate, wavamizi wanaweka makao yao Plaza del Congreso. Msomaji angeweza kupanda basi na kwenda kusimama mahali alipomwona askari akianguka wiki iliyopita. Na Oesterheld hakuirudisha hadithi nyuma, enzi za babu zake. Uvamizi wa viumbe kutoka anga za mbali aliuweka mwaka 1963, miaka minne tu mbele ya wale waliokuwa wakiisoma sura ya mwisho.

Kwa hiyo anayedai tamthilia ya 2025 ibaki na magari na kofia za miaka ya hamsini anadai kitu ambacho mwandishi mwenyewe hakukifanya. Angepewa picha nzuri za kutazama, na hofu ingebaki ya watu wengine. Isitoshe, mwaka 1969 Oesterheld aliiandika upya hadithi hiyohiyo, safari hii na mchoraji Alberto Breccia, akaipindua: mataifa makubwa yameshapatana na wavamizi na kuwaachia Amerika Kusini. Jarida la Gente lililokuwa likiichapisha lilishindwa kuvumilia, likaharakisha kuifunga. Mtu aliyeifumua kazi yake mwenyewe miaka kumi tu baada ya kuimaliza si shahidi mzuri kwa wanaotaka isiguswe.

Kuhusu umri, wengi wanaishia kwenye sababu ya biashara: Ricardo Darín, anayemwigiza Salvo, ndiye sura inayouza filamu za Argentina, basi mhusika akanyooshwa hadi afikie miaka ya Darín. Sina shaka biashara ilikuwepo. Lakini hebu tupige hesabu. Vijana wengi wa Argentina waliochukuliwa jeshini kwa lazima na kupelekwa kupigana na Uingereza katika visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland, mwaka 1982, walikuwa na miaka 19 au 20. Aliyekuwa na miaka 19 wakati ule, mwaka 2025 anatimiza 62. Mara tu hadithi ilipohamia leo, mwanamume wa Buenos Aires wa umri huo ni lazima aulizwe swali moja: ulikuwa wapi 1982? Juan Salvo wa tamthilia alikuwa huko.

Hapo ndipo wakosoaji wananishangaza. Wanaiona Malvinas kama kiungo cha kuongeza machozi. Mimi naona ni sehemu ambayo Stagnaro amemsogelea Oesterheld zaidi kuliko mahali pengine popote. Ni nani aliyewapeleka wale vijana? Ni utawala wa kijeshi ulioshika nchi Machi 1976. Utawala huohuo ndio uliomteka Oesterheld mwaka 1977, na hajaonekana tena. Binti zake wanne nao walitoweka mikononi mwa wanajeshi. Wawili walikuwa wajawazito. Mwandishi wa katuni na kijana wa miaka 19 aliyekuwa akitetemeka kwa baridi ndani ya handaki wamepitia mkono mmoja.

Sasa rudi kwenye katuni. Wadudu wakubwa wanaowashambulia watu si wenye vita. Wanaendeshwa kutoka mbali. Nyuma yao wapo Mano, viumbe wanaofanana na binadamu ila mikono yao ina vidole visivyohesabika. Salvo na wenzake wanapomkamata Mano mmoja wanagundua kwamba naye ni mtumwa. Amepandikizwa tezi mwilini: akiogopa, yaani akianza tu kufikiria kuasi, tezi inamwaga sumu na anakufa. Katika dakika zake za mwisho Mano huyo anatazama birika la kahawa jikoni na kulisifu kama sanamu nzuri, kisha sumu inammaliza. Wanaowatuma wote hao wanaitwa Wao tu, na hatuwaoni kamwe. Hadithi nzima inahusu watu wanaosukumwa kufia vita vya mtu asiyefika uwanjani.

Na Malvinas? Vijana wengi walitoka mikoa yenye joto kama Corrientes na Chaco, wakapelekwa kwenye upepo wa kusini bila nguo za kutosha. Njaa iliwafanya waibe chakula, na waliporudi walieleza, baadaye hadi mahakamani, jinsi maofisa wao wenyewe walivyowaadhibu kwa kuwalaza chini na kuwafunga mikono na miguu kwenye vigingi, kwenye baridi ile. Waargentina 649 walikufa katika vita hiyo. Mtu aliyeyaona hayo hahitaji kuelezwa maana ya Mano. Ukimwingiza ndani ya vazi la Salvo, unapata shujaa anayejua tangu mwanzo kwamba adui aliye mbele yake huenda naye ametumwa. Ningependa kumsikia anayesema hilo ni geni kwa Oesterheld aeleze ugeni wake uko wapi.

Nisiwanyime wakosoaji haki yao. Ni kweli kwamba Salvo kumtafuta binti yake aliyepotea kunaivuta hadithi kuelekea kwa baba mmoja na damu yake, ilhali Oesterheld aliandika katika dibaji ya toleo la baadaye kwamba shujaa wa kweli ni kundi la watu, si mtu mmoja. Katika sehemu sita za msimu wa kwanza kuna nyakati kundi hilo linageuka kuwa wasindikizaji wa Darín. Kuna pia kejeli ya hadithi inayopinga wakubwa wa dunia kusambazwa na kampuni ya Marekani, ingawa kejeli hiyo ingeuma zaidi kama Salvo angezungumza Kiingereza katika mitaa ya Chicago. Familia ya mwandishi ilisimamia jambo hilo: Kihispania, na Buenos Aires.

Lawama ninayoikubali bila kusita ni nyingine, na haipewi sauti ya kutosha. Katuni inaanza kwa Salvo, aliyepotea katika wakati, kujitokeza usiku kwenye kiti, mbele ya mwandishi wa katuni aliye kazini, na kumsimulia kila kitu. Akimaliza anagundua kuwa ni 1959, anakimbilia nyumbani, anawakuta mke na mtoto salama, na anasahau yote. Anayebaki na mzigo wa kujua ni mwandishi, anayejiuliza kama kuichapisha hadithi kunaweza kuzuia yanayokuja. Tamthilia imemwondoa mwandishi huyo, na badala yake Salvo anajiwa na picha za ghafla kichwani. Swali zito la wajibu limegeuzwa fumbo la kusisimua watazamaji hadi msimu ujao.

Msimu wa pili umeshatangazwa, na nafasi ya kulirekebisha ipo ndani ya kazi ya Oesterheld yenyewe. Katika sehemu ya pili ya katuni, iliyoanza 1976, mwandishi anaingia ndani ya hadithi kama mhusika, kwa jina la Germán, na kusafiri bega kwa bega na Salvo. Wakati mmoja Oesterheld alikuwa akiiandika huku akijificha. Stagnaro akimrudisha mtu huyo, itabidi aamue pia kama atawaonyesha watazamaji yaliyompata mwaka 1977.